Tangazo la Kifo cha Mto Mbilo

Nchi yenyewe ipo. Jina lake nalijua vizuri, ila sheria yao namba kumi na nne inakataza kulitaja katika sentensi moja na neno ukame, na katika habari hii hilo neno la pili nitalihitaji sana. Basi la kwanza tuliache.

Katika nchi hiyo mvua na jua vilikuwa chini ya Wizara ya Habari, Hali ya Hewa na Matumaini, na mambo yalikwenda kwa utaratibu. Maneno "mabadiliko ya tabianchi" hayakupigwa marufuku hata kidogo, kama wanavyosema wenye chuki zao. Redio ya Taifa iliyatamka kila Waziri alipopanda ndege. "Mheshimiwa Waziri amewasili kuhudhuria mkutano wa mabadiliko ya tabianchi," msomaji alisema, "na amepokewa kwa maua." Mheshimiwa aliporudi, mabadiliko yalibaki hukohuko kwenye mahoteli ya watu. Hapa nyumbani mafuriko yaliitwa maji ya ziada, ukame uliitwa jua la kutosha, na upepo ulioezua madarasa ya shule tatu ulitangazwa kuwa awamu ya kwanza ya mpango wa kuingiza hewa safi mashuleni.

Waandishi wa habari walipewa semina mara kwa mara, siku tatu kila moja, pamoja na fulana, kofia na sambusa mbili kwa kila kichwa. Humo walifundishwa kuripoti jua kwa uzalendo. Walifundishwa pia mizania, yaani kila habari iwe na pande mbili: mtaalamu akisema joto limepanda, atafutwe wa kusema halijapanda. Mwanzoni watu wa namna hiyo walikuwa wa kutafuta kwa tochi, ndipo Wizara ikaajiri mmoja wa kudumu, Bwana Nyangasa, kwa cheo cha Afisa Mwandamizi wa Upande wa Pili. Alipewa ofisi, zulia na tai saba. Mkulima akilalamika redioni kwamba mahindi yake yamekauka, Nyangasa alisogezewa kipaza sauti akasema hayajakauka, yanapumzika. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wa kusomesha, na sauti nzuri.

*

Mtu mmoja tu katika jengo lote hakuwa na upande wa pili, naye ni Bi Mwanakombo Sheweji. Yeye alisoma matangazo ya vifo, kila siku baada ya taarifa ya habari ya saa saba mchana, na kwa miaka ishirini na sita hakutokea mtu wa kumkanusha marehemu. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, karibu na ngazi, na kilikuwa na dirisha dogo la kupokelea fomu za wafiwa. Watu wengi walifungua redio saa saba na dakika kumi, taarifa ya habari ikishapita, ili wamsikie yeye. Kwake walikuwa na hakika kwamba kilichotajwa kimetokea.

Isitoshe, kazi yake ndiyo pekee ambayo haikupita mikononi mwa mhariri. Zamani mhariri mmoja, mpenda mkato, alifupisha tangazo la msiba. Pale penye "habari ziwafikie" akafuta majina manne, na mmoja wa hao wanne alikuwa shemeji yake Rais. Shemeji hakupata habari, hakuzika, akanuna, na dada yake, mke wa Rais, naye akanuna, hata Rais akala ndizi za kuchoma muda wa wiki tano. Bunge likaitwa kwa dharura. Ikapitishwa Sheria ya Matangazo ya Vifo, kwa kauli moja na vigelegele: tangazo la kifo lisomwe neno kwa neno kama lilivyoletwa na wafiwa, atakayelipunguza, au kuzima mitambo likisomwa, jela miaka mitano. Aendaye msibani asizuiwe barabarani kwa jambo lolote. Mwajiri atoe ruhusa ya siku saba kwa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi, mwenza, au yeyote aliyemlea; akikataa, naye jela miaka mitano. Sheria hiyo iliwekwa kwenye fremu na kutundikwa studio, juu ya kichwa cha fundi mitambo. Mhariri yule alipotoka jela alifungua kiduka cha mikate, na hakufupisha kitu tena maishani mwake.

*

Siku moja ya jua la kutosha, mtu alisimama dirishani kwa Bi Mwanakombo akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Pole kwa msiba."

"Nimeshapoa. Naitwa Mahundi Kilavo, katibu wa kamati ya maji, Ndolela. Nimetoka huko juu, chumba cha habari. Hii ni mara ya nne."

Mara ya kwanza walimwambia alete picha ya huo mto anaosema umekauka. Akaleta, wakamuuliza mbona hauna maji, watajuaje kama ni mto. Mara ya pili walimwambia habari za vijijini hutolewa Waziri akiwa ziarani, asubiri ziara. Mara ya tatu alipata bahati: alizungumza redioni nusu dakika nzima, halafu akaingia Bwana Nyangasa, akasema kwa upole kwamba mto Mbilo haujakauka, unatiririka kwa chini. Na leo, mara ya nne, walikuwa semina.

"Sasa dada, serikali ina malori ya maji," Mahundi akasema. "Nimeyaona kwa macho yangu, yameoshwa yanang'aa. Lakini yanapelekwa palipotangazwa maafa tu. Maafa yanatangazwa na taarifa ya habari. Taarifa ya habari haitangazi maafa kwa kuwa hayapo. Nikiuliza wanajuaje kama hayapo, wananiambia yangekuwepo malori yangekuwa yameshakwenda."

"Na ninyi mnakunywa nini?"

"Maji ya shimo la ng'ombe." Akasukuma fomu mbili kwenye tundu la dirisha. "Hao ni watoto wawili tuliowazika mwezi huu. Wa pili ni wa dada yangu. Na hii ya tatu."

Bi Mwanakombo akavaa miwani. Jina la marehemu: Mto Mbilo. Umri: babu alimkuta. Uhusiano wa mtangazaji na marehemu: amenilea.

"Kaka, huyu ni mto."

"Ndiyo, dada. Amekufa."

Bi Mwanakombo alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu. Paa la nyumba yake lilikuwa bovu, na kiinua mgongo chake ndicho kingekuwa paa jipya. Aliisoma fomu juu mpaka chini akitafuta mahali palipoandikwa kwamba marehemu sharti awe mtu. Hapakuwepo. Kisha akazisoma zile mbili za watoto, Zawena miaka minne, Hemedi miaka sita, na hasira ikampanda polepole kama inavyowapanda watu wapole, ambao wakishakasirika hawarudi nyuma. Akachukua muhuri, akagonga zote tatu.

*

Kesho yake, saa saba na dakika kumi, baada ya taarifa kwamba nchi imeshika nafasi ya pili kwa matumaini, nchi nzima ikasikia:

"Bwana Mahundi Kilavo wa Ndolela anasikitika kutangaza kifo cha Mto Mbilo, aliyemlea, kilichotokea baada ya kuugua muda mrefu. Marehemu alianza kuumwa mwaka ule misitu ya juu ilipokatwa kwa kibali, akazidiwa mvua za vuli ziliposhindwa kuja miaka minne mfululizo. Habari ziwafikie wote waliobatizwa, kuogeshwa, kufuliwa au kuvushwa na marehemu, popote walipo. Matanga yapo Ndolela, mtoni. Mnaombwa msije na mchele wala sukari. Kila atakayekuja aje na maji."

Bi Mwanakombo akanywa funda la maji yake, akaenda kwenye tangazo lililofuata, la mzee mmoja fundi cherehani.

Tuseme ukweli, hakutegemea kitu. Lakini katika jiji lile kulikuwa na watu wa Mbilo kila mahali: wapishi, walinzi, makarani, walimu, mafundi. Kufikia saa tisa wakaanza kuomba ruhusa. Meneja wa kiwanda cha saruji alipomwambia mfanyakazi wake kwamba mto si mzazi, yule akajibu sheria inasema aliyekulea, na kwamba baba yake mzazi alimwona mara mbili tu, na mto kila siku. Meneja akaikumbuka ile miaka mitano, akasaini. Akasaini mia na arobaini. Wakachangishana, wakakodi malori na mafuso, wakajaza madumu, mapipa na matangi. Mbele ya kila gari wakafunga kitambaa cheupe, na kwenye kila kizuizi cha barabarani wakasema wanakwenda kuzika.

Kesho yake jioni Mahundi alimpigia simu Bi Mwanakombo. Alikuwa analia, na hakuona haya kulia. "Dada, wameleta maji mpaka hatuna pa kuyaweka. Wanakuja kutupa pole, wanamimina, wanalia, wanaondoka, wanakuja wengine."

*

Wizara haikulala. Siku ya pili ilimpeleka Bwana Nyangasa hewani kutoa upande wa pili wa msiba. "Ndugu wasikilizaji," akasema, "marehemu hajafa." Ofisini kwake simu ziliita mchana kutwa, watu wakimpa pole na kumshauri aukubali msiba, kwa kuwa hata wao siku za kwanza walikataa vilevile.

Siku ya tatu Wizara ikadai cheti cha kifo. Tabibu wa zahanati ya Ndolela akashuka mtoni na kipima joto, akakaa saa nzima, akaandika: mapigo hakuna, unyevu hakuna, sababu ya kifo ni joto pamoja na kunyamaziwa. Akagonga muhuri wa zahanati, na cheti kikapelekwa.

Siku ya tano foleni dirishani kwa Bi Mwanakombo ilitoka nje ikazunguka jengo. Akatangaza visima tisa, chemchemi mbili, ziwa dogo na pacha wake. Akina mama wa nyanda za kaskazini walileta msimu wa vuli, lakini wakaomba usitangazwe kifo, bado wana tumaini, utangazwe tu kwamba ulitoka nyumbani mwezi wa kumi, miaka minne iliyopita, ukiwa umevaa mawingu mepesi, na haujaonekana mpaka leo. Wavuvi wa ziwani walileta samaki kwa majina ya ukoo. Kijiji kimoja cha pwani kilileta makaburi yake yenyewe, yaliyochukuliwa na bahari, na hilo Bi Mwanakombo alilisoma mara mbili, maana mara ya kwanza sauti ilimkatika katikati.

Siku ya kumi Waziri alikosa dereva na mpishi. Wote wawili walikuwa wa Mbilo. Ndipo akajua kwamba jambo hili limekuwa zito.

*

Mheshimiwa Daktari Balozi Lufunyo Chamwela, Waziri wa Habari, Hali ya Hewa na Matumaini, alishuka mwenyewe mpaka chumba cha karibu na ngazi, siku ya kumi na moja, robo saa kabla ya saa saba. Hakuwahi kujua kwamba jengo lile lina ghorofa ya chini. Nyuma yake alisimama Bwana Nyangasa na tai ya kijani.

"Mama yangu," Waziri akaanza, kwa ile sauti ya kufungulia makongamano, "taifa ni kama mwili. Mwili una macho ya kuona, lakini una pia kope za kufumba. Kope si adui wa jicho. Wizara yangu ndiyo kope ya taifa hili, na ni lazima ifumbe kwa wakati, kwa weledi, na kwa ushirikishwaji. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mheshimiwa."

"Basi utasoma hili." Akampa karatasi yenye nembo. Ilisema: Wizara inakanusha kifo cha Mto Mbilo. Marehemu yu hai na anaendelea vizuri. Matanga yamevunjwa, ruhusa zote za msiba zimefutwa, na gari lolote litakalokutwa na maji kwenye barabara ya Ndolela litahesabiwa linafanya maandamano.

Bi Mwanakombo aliisoma polepole. Hakuwa mtu wa siasa. Aliona jambo moja tu: kwamba akishaitamka karatasi hii, jioni malori yatageuzwa, na kesho kutwa watoto wa Ndolela watakuwa shimoni kwa ng'ombe tena.

"Mheshimiwa, marehemu ameonekana na nani akiwa hai?"

"Anaonekana kwenye ramani. Wa bluu kabisa."

"Na nisiposoma?"

"Mama, umebakiza miezi mitano," Waziri akasema kwa huruma ya kweli. "Ni kitu gani kwako, mto? Hukuzaliwa huko."

"Kweli, sikuzaliwa huko," Bi Mwanakombo akasema. "Mezani kwangu matangazo husomwa kwa mpangilio wa kufika, Mheshimiwa. La kwenu ni la pili. Lipo moja limetangulia."

"La nani?"

"La jamaa yangu."

Waziri akainamisha kichwa, kwa adabu. "Pole sana," akasema, na akaenda kukaa nyuma ya kioo, karibu na fundi mitambo. Bi Mwanakombo akatoa fomu tupu kwenye mtoto wa meza, akaijaza kwa mwandiko wake wa shule, akagonga muhuri, akaingia studio.  Akavaa visikilizio, akangoja taa nyekundu iwake.

"Bi Mwanakombo Sheweji, wa chumba cha karibu na ngazi, anasikitika kutangaza kifo cha Taarifa ya Habari ya Redio ya Taifa, aliyemlea kikazi kwa miaka ishirini na sita. Kifo kilitokea zamani, baada ya kuugua muda mrefu maradhi ya woga. Marehemu aliendelea kusomwa kila siku saa saba, kwa sababu wahusika hawakutaka ijulikane kwamba wamefiwa."

Nyuma ya kioo Waziri alisimama. Akamwonyesha fundi mitambo swichi. Fundi, mtu wa maneno machache, akamwonyesha ile fremu juu ya kichwa chake, akakunja mikono.

"Marehemu ameacha joto ambalo hakulitaja, mafuriko matatu ambayo hakuyaita kwa jina lao, misitu ambayo hakuuliza nani kaikata, na watoto wawili wa Ndolela, Zawena miaka minne na Hemedi miaka sita, ambao walikufa katika nchi iliyoshika nafasi ya pili kwa matumaini. Habari zimfikie Mheshimiwa Waziri Chamwela, aliye hapa nyuma ya kioo. Ziwafikie wahariri wote, huko semina. Ziwafikie wote mliokuwa mnafungua redio saa saba na dakika kumi, mkidhani ni ninyi peke yenu. Matanga ya marehemu yameunganishwa na ya Mto Mbilo, Ndolela, kwa siku arobaini kuanzia leo. Aliyelelewa na ukweli wowote aliowahi kuusikia redioni ni mfiwa, na kila atakayekuja aje na maji."

Akageuza karatasi. "Tangazo la pili ni kanusho. Halina sahihi ya mfiwa yeyote, kwa hiyo silisomi." Akavua visikilizio, akavilaza mezani, akatoka.

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, na kwa mujibu wa kanuni za mizania kipaza sauti kilikuwa cha Bwana Nyangasa. Akakaa. Akarekebisha tai. Akamtazama Waziri aliyekuwa anampungia mikono yote miwili. "Ndugu wasikilizaji, upande wa pili," akasema kwa ile sauti yake nzuri, halafu akanyamaza, nchi nzima ikimsikia anavyopumua. "Poleni sana," akasema mwishowe. "Poleni sana wafiwa." Naye akatoka.

*

Kiinua mgongo Bi Mwanakombo hakupewa. Barua iliandikwa mchana uleule, ikamkuta kwenye ngazi, akaikunja akaitia kwenye mkoba. Hasira yake ilikuwa imekwisha na alijisikia mwepesi, ingawa alijua vizuri kwamba masika ijayo, kama ipo, itamnyeshea ndani ya nyumba.

Nje ya jengo mafuso yalikuwa yanapanga mstari. Safari hii hawakuwa watu wa Mbilo tu. Wauguzi walikuwepo, mafundi viatu, walimu na chaki zao, hata wasomaji wawili wa habari waliotoroka semina na kofia bado kichwani. Kila mmoja alikuwa na dumu. Wakampandisha Bi Mwanakombo mbele, kwa dereva, kama mfiwa mkubwa, naye akaweka dumu lake miguuni.

Kwenye kizuizi cha mwisho kabla ya Ndolela, askari mmoja mwenye cheo cha sajini alisimamisha gari la kwanza. Mkononi alikuwa na amri mpya kutoka wizarani, yenye nembo na bado ina joto la mashine: magari yote yenye maji yarudishwe.

"Mnakwenda wapi?" akamuuliza dereva.

"Msibani, afande."

"Msiba wa mto umevunjwa."

"Huu ni mwingine," Bi Mwanakombo akasema.

Sajini aliinua uso kwa sauti ile. Alikuwa ameisikia kila siku tangu akiwa shule ya msingi. Ndiyo iliyomwambia baba yake amefariki, akiwa mafunzoni, mbali, na ikamtaja yeye kwa jina lake lote pale mwishoni, bila kuruka hata herufi.

"Aliyefariki ni nani, mama?"

"Taarifa ya habari."

Sajini akaikunja ile amri, akaitia mfukoni. Akavua kofia. "Sisi huku tulijua siku nyingi," akasema. "Ila hatukuwa tumeletewa tangazo."

Akaondoa kizuizi kwa mikono yake mwenyewe, akaingia kwenye kibanda chake, akatoka na dumu la lita ishirini, akalipandisha kwenye gari.

"Mama yangu yuko Ndolela," akasema. "Mpelekeeni."